Mwenye Bembea Asiyepanda

Kwa miaka yote niliyomfahamu, sijawahi kumwona Mwenye Bembea amekaa kwenye bembea yake. Nimemwona juu ya ngazi akikaza nati, nimemwona chini ya mashine akipaka grisi, nimemwona amelala kivulini juu ya turubai, mdomo wazi. Lakini kwenye kiti, miguu ikining'inia, akizungushwa hewani kama alivyowazungusha watoto wa Tarime nzima? Hapana. Nikimtania alikuwa na jibu, na kila mara jibu lilikuwa jingine. Mwaka mmoja ni tumbo. Mwaka mwingine presha. Siku moja akaniambia mpishi mzuri hali sana, nami nikamjibu kwamba mpishi asiyeonja chakula chake mimi sili kwake. Alicheka hadi akashika ukuta.

Mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikipewa zawadi naigeuza kwanza nione chini kuna nini. Sioni ubaya wake. Duka langu la ushonaji linatazamana na uwanja ambako bembea ilifungwa kila sikukuu, Krismasi, Pasaka, Idi na Sabasaba, kwa hiyo nilikuwa na nafasi nzuri ya kutazama. Tena nilikuwa na sababu. Mikanda ya vile viti niliishona mimi, kwa turubai nene na uzi wa nailoni, na kila mtu aliyeruka juu ya uwanja ule alishikiliwa na mshono wangu.

Kwa asiyeijua, bembea yenyewe ilikuwa hivi. Nguzo ya chuma katikati, juu yake vyuma vimetandazwa kama mbavu za mwavuli, na kutoka kwenye vyuma hivyo viti vinaning'inia kwa minyororo. Pembeni kuna injini ya dizeli ambayo zamani ilisaga mahindi. Ikianza, inakwenda polepole na watu wanacheka. Ikikolea, viti vinatupwa nje, na aliyekaa anapita juu ya vichwa vya wenzake akiona mabati ya mji mzima hadi stendi ya mabasi ya Musoma. Mwenye Bembea alisimama kando ya injini, ameshika mpini wa kuongezea mafuta, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, akitafuna karafuu.

Kwao ni wapi sikuwahi kumwuliza, na yeye hakusema. Hakuwa Mkurya. Lakini Kikurya alikisema vizuri kiasi cha kututania nacho, na misibani alijua akae wapi na anyamaze wakati gani. Hili nawaomba mlishike, kwa sababu baadaye kuna watu walimtetea kwamba ni mgeni, hakujua mila zetu. Alizijua kuliko vijana wengi waliozaliwa hapa.

Kwa nafsi yake alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Akija dukani kwangu, kiti alikitikisa kwanza kabla ya kukaa. Maji ya kunywa alikuja nayo kwenye chupa, yamechemshwa. Vijana wetu wa bodaboda kofia ngumu huivaa kwenye kiwiko, wakimwona askari ndiyo inapanda kichwani. Abiria ndiyo kabisa, haijui. Yeye alitembea na ya kwake ndani ya mfuko wa rambo. Akisimamisha pikipiki, aliitoa, akaivaa, akajifunga chini ya kidevu, akamwambia dereva, "Mura, kijana wangu, twende polepole, mimi si mzigo wa mkaa." Watu walimcheka. Mimi sikucheka. Nilijiuliza mtu anayeijali shingo yake namna hii, shingo za wengine anazionaje.

Methali alizipenda. Kwenye nguzo ya bembea alipaka kwa rangi nyekundu HIARI YASHINDA UTUMWA, na chini yake kwa herufi ndogo ANAYEOGOPA ANYOOSHE MKONO. Ukimwuliza jambo lolote la hatari alikujibu kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Ukimwuliza kuhusu mtoto aliyechubuka goti wakati wa kushuka, alikwambia ajali haina kinga. Nilimwambia, "Mzee, ajali haina kinga, lakini wewe kofia ngumu unayo." "Mama Bhoke," akasema, "wewe ungekuwa mwanaume ungekuwa hakimu."

Sitaki mdhani alikuwa mtu mbaya. Huo ndio ugumu wake. Mume wangu alipofariki, Mwenye Bembea alikuja siku ya kwanza kabla hata ya ndugu wa Musoma, akakata kuni hadi mikono ikachubuka. Watoto yatima aliwapandisha bure, na hakuwapandisha asubuhi wakati hakuna watu, aliwapandisha saa ya fahari, uwanja ukiwa umefurika. Akienda Sirari aliniletea uzi mzuri wa kutoka upande wa pili wa mpaka bila kuagizwa. Kila asubuhi ya sikukuu, kabla ya watu kuja, alifunga magunia ya mchanga kwenye viti vyote akayazungusha kwa kasi ya mwisho, akiwa ameinamisha kichwa anasikiliza vyuma. Hakuna aliyemlazimisha. Bwana mmoja wa kutoka ofisini aliyewahi kuja kukagua alizunguka nguzo mara moja, akasifu rangi, akanywa soda, akaondoka. Magunia yalikuwa wazo la Mwenye Bembea mwenyewe.

Kwa hiyo shaka yangu haikuwa kwenye vyuma. Ilikuwa kwenye ule mkono.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Bembea ikishika kasi, alipaza sauti, "Niongeze?" Walio juu na walio chini wakajibu kwa pamoja, "Ongeza!" Akavuta mpini. "Niongeze?" "Ongeza!" Aliyezidiwa alitakiwa kunyoosha mkono juu, naye angepunguza. Kwa maneno ni jambo la haki kabisa. Kila mtu na uamuzi wake. "Mimi siongezi," aliniambia, huku akinionyesha viganja vyake. "Wao ndio wanaongeza. Mimi nashika tu mpini."

Lakini hapa ni Tarime. Hapa kijana anaposimama mbele ya kisu cha jando, ukoo mzima umesimama pembeni unatazama kope zake. Akipepesa, hiyo aibu haifi naye, wanairithi watoto. Sasa wewe umchukue kijana huyo, umweke hewani mbele ya rika lake, mbele ya wasichana, mbele ya wajomba, halafu umwambie anayeogopa anyooshe mkono. Nani ataunyoosha? Nimetazama uwanja ule sikukuu baada ya sikukuu, na nimewaona vijana wakishuka wanatapika nyuma ya kibanda cha soda, wengine macho yamegeuka, lakini mkono sikuwahi kuuona.

Nilimwambia. Si mara moja. Nilimwambia aweke muda, ukiisha apunguze mwenyewe bila kumwuliza mtu. Au basi aache kuuliza mbele ya umati. "Mzee, hawa hata wakifa hawanyooshi, na wewe unajua." Alitafuna karafuu yake, halafu akasema, "Mama Bhoke, mimi si mama yao. Mtu mzima ni mtu mzima." Alilisema kwa upole. Ila macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye sindano ya cherehani.

Krismasi moja, Mwita akaanguka.

Mwita alikuwa dereva wa bodaboda, kijana mrefu, mcheshi, anayejulikana kituo kizima. Alipanda na wenzake mchana, uwanja umejaa. Kiti kilichomfuata alikaa binti yangu Bhoke, ambaye alikuwa amemaliza darasa la saba na anasubiri matokeo. Nilikuwa mlangoni kwangu. Niliona kitu kinatoka kwenye mzunguko kama kiatu kilichorushwa, nikasikia watu wanapiga yowe, na injini ikazimwa. Mwita alikuwa chini karibu na uzio, mguu umekwenda upande usiofaa miguu.

Mkanda wake ulikuwa bado unaning'inia kwenye kiti, mzima, kifungo kimefunguliwa. Mwenye Bembea aliuleta dukani jioni ile, akautandika mezani kwangu. "Tazama mwenyewe. Mshono wako haujaachia hata uzi mmoja. Alifungua kwa mkono wake. Wewe huna kosa, Mama Bhoke, nami sina kosa." Sisi wawili alituweka kwenye sentensi moja. Nilitamani kuishukuru sentensi hiyo, maana mchana kutwa nilikuwa nauhofia mshono wangu, lakini sikutaka kuwa ndani yake pamoja naye.

Usiku Bhoke hakulala. Kulipokucha aliniambia alichokiona. Mwita alinyoosha mkono. Aliunyoosha juu kabisa, kiganja wazi, na Bhoke akafurahi kwa sababu na yeye alikuwa anaogopa. Mwenye Bembea aligeuza uso kuelekea kwao. Kisha akauliza umati, "Niongeze?" na akavuta mpini. Mkono wa Mwita ukabaki juu kwa mzunguko mwingine mzima. Halafu ukashuka, ukaanza kuhangaika na mkanda kama mtu anayetaka kushuka garini. Bhoke alimpigia kelele asifungue. Akafungua.

Shauri lilipelekwa ritongo, ndilo baraza la wazee wetu, kwa sababu ndugu wa Mwita walitaka kujua nani abebe mzigo wa mguu ule. Mwita aliletwa, mguu umefungwa plasta ngumu hadi nyongani. Wazee wakauliza, naye akajibu kwa sauti ya kituoni, "Nilifungua mwenyewe. Nilitaka kuwaonyesha wenzangu." Vijana wakaguna kwa sifa. Hapo binti yangu akasimama, mtoto wa kike mbele ya wazee wale, akasema, "Hapana. Alinyoosha mkono kwanza. Niliona."

Mwita hakumtazama. "Mimi? Mimi ninyooshe mkono? Huyo mtoto alikuwa anaota."

Baraza zima lilicheka. Mzee mmoja akamwambia Bhoke akae, uongo si mzuri kwa msichana anayekua. Mimi nilisimama, nikaomba Mwenye Bembea aulizwe. Wakamwuliza kama aliuona mkono. Akavua kofia yake ya sufu, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuona kichwa chake. Akasema, "Wazee wangu, mwenye mkono amesema hakuunyoosha. Mimi ni nani nibishane naye?"

Wakaridhika. Ikaamuliwa Mwita amejitakia. Mimi nilirudi nyumbani na jibu lile, nikaligeuza kama ninavyogeuza kila kitu. Aliulizwa kama aliona. Hakusema hakuona.

Mguu wa Mwita ulipona kwa kupinda. Pikipiki ndiyo basi tena, akajifunza kutengeneza simu, akafungua meza karibu na stendi. Bhoke wangu alipona vibaya zaidi, kwa sababu kwake hakukuwa na cha kufunga plasta. Mtaani watoto walimwita Mwota Ndoto. Alipokwenda sekondari upande wa Issenye, walimu waliniambia binti anajua kila kitu ila hajibu mpaka alazimishwe. Kanisani aliacha kusoma masomo. Akiona jambo, ananong'oneza kwangu, tena anamalizia, "Lakini labda sikuona vizuri." Mtoto aliyekuwa akiita kuku kwa sauti ya kufika kilima cha pili! Hilo nililihesabu kwa Mwenye Bembea, na mikanda yake sikuishona tena. Aliendelea kunisalimia. Niliitikia, kwa sababu kuni alizokata nilizipikia.

Baada ya muda akahama. Watu wakasema yuko Mugumu, wengine wakasema Kenya.

Pasaka ya mwaka huu nilikwenda kumtembelea Bhoke, ambaye sasa ni muuguzi kwenye zahanati moja upande wa Manchira, karibu na Mugumu. Jumatatu mchana tukatembea kuelekea kwenye bwawa la huko, kwa kuwa watu wengi huenda kule kupunga upepo. Nilisikia injini kabla ya kuona chochote. Mlio ule naujua hata nikiwa usingizini.

Alikuwa amezeeka. Kofia ilikuwa ileile au ndugu yake, shingo imekonda, na mkono mmoja unatetemeka kidogo. Nguzo ilikuwa imepakwa rangi upya, maneno yaleyale. Watoto walikuwa wanapandishwa vitini na mama zao wanawafunga mikanda. Nilimwambia Bhoke anisubiri, lakini alikuja nyuma yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba! Mama Bhoke! Wewe hujazeeka, Mungu anakupendelea." Alifurahi kweli, na mimi kwa sekunde nilifurahi pia. Kisha nikaona hii ndiyo nafasi, na nisipouliza leo, mmoja wetu atazikwa na swali lisilojibiwa.

"Mzee, siku ile ya Mwita. Mkono uliuona?"

Nilitegemea methali. Alitafuna karafuu yake hadi ikaisha.

"Niliuona," akasema. "Uwanja wote unasema ongeza, yeye mmoja anasema basi. Nikasema kijana huyu atavumilia, ni Mkurya."

"Na barazani?"

"Barazani mwenyewe alikana. Ningesema aliunyoosha, ningemvua nguo mbele ya rika lake. Nilimsitiri, Mama Bhoke." Hakuwa akinidanganya, hilo ndilo lililonitisha. Miaka yote nilidhani anaficha uzembe, kumbe mwenzangu uzembe huo alikuwa akiuita heshima, na akilala usingizi. Nilimchukia pale, waziwazi, kuni na uzi wake vikiwa palepale kichwani mwangu.

"Mwita ulimsitiri," Bhoke akasema. "Na mimi?"

Mzee alimtazama, akamtambua polepole. "Wewe ulikuwa mtoto, mwanangu. Mtoto akiambiwa mwongo analia, kesho amesahau."

"Sijasahau."

"Punguza sauti, mwanangu. Kuna wateja."

Sauti haikupungua. "Mama, namba ya Mwita unayo?" Ninayo, kila simu ya mtaani kwetu imepita mikononi mwake. Nilimpigia, nikaweka spika, nikamwambia niko na Mwenye Bembea, ana neno lake. Bhoke akaichukua simu ile, akaishika mbele ya kidevu cha mzee. Wanawake waliokuwa wanafunga mikanda waligeuka. Sijui kwa nini hakukataa. Pengine ni uzee, pengine alichoka. Mimi ninayeshuku kila kitu, hapo sina la kusema.

"Mwita mwanangu," akasema. "Ule mkono niliuona."

Tulisikia honi za stendi ya Tarime.

"Nilikuwa nakuita, mzee," Mwita akasema. Haikuwa sauti ya kituoni. "Niliogopa. Nilikuwa nakuita."

"Mwita, ni Bhoke," binti yangu akasema. "Nipo hapa."

"Ulisema kweli, mdogo wangu. Siku ile ulisema kweli."

Bhoke akalia, kwa sauti, mbele ya umati ule wote, na hakuufunika uso. Mama mmoja akauliza kuna nini, akamweleza tangu mwanzo, bila kunong'ona. Mimi nikaenda kwenye viti na kuanza kuwafungua watoto mikanda. Mwenye Bembea alinitazama, ameshika mpini, na hakunizuia.